Majirani Walichangia Mawazo

Neno muhtasari nimelijua uzeeni, na tangu siku ya kwanza sikulipenda. Mimi niliishia darasa la nne. Siku zetu mtu akiwa na habari aliisema yote, na asiye na nafasi ya kusikiliza alinyanyuka akaenda zake. Sasa kila mtu ana haraka, na kila mwenye haraka anataka muhtasari. Redio inasoma muhtasari wa habari kabla ya habari, na mjukuu wangu akishausikia huo anazima. Mwalimu wake anao muhtasari wa somo. Kanisani katibu anasoma muhtasari wa kikao kilichopita, na watu wanasinzia maana kwenye kikao chenyewe walikuwepo.

Basi na mimi nimelichukua neno hilo nikalitumia ninavyotaka. Vile vipande vya kutia kwenye mchuzi, vyenye picha ya kuku kwenye karatasi, naviita muhtasari wa kuku. Juisi ya unga naiita muhtasari wa embe. Kuna siku nilikwenda Mpanda mjini kwa mtoto wa shemeji yangu, mke wake akanikorogea glasi ya juisi hiyo, rangi yake kama fulana ya trafiki, na nyuma ya jiko lake maembe yanaanguka yanaoza, kuku wanayadonoa. Nikamuuliza hiki ni nini. Akasema ni embe, mama. Nikamwambia basi na mimi nikifa nisageni mnitie kwenye pakiti, wageni wakija mnikoroge. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mjukuu wangu ananisahihisha. Anasema, "Bibi, muhtasari ni wa maneno, siyo wa vyakula." Namwambia tofauti sijaiona. Kote kuwili kuna mtu amekaa mahali akakutolea kitu, halafu anakuapia kwamba kimo humohumo.

Asije mtu akasema bibi huyu hajui kupunguza kitu. Kupunguza najua kuliko wao. Mama yangu alinifundisha kupika chumvi ya majivu. Unakata matete, unayakausha, unayachoma mahali palipofagiliwa. Majivu yake unayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, unamimina maji taratibu. Yanayodondoka yana rangi ya chai isiyo na maziwa, na hayo ndiyo unayapika. Unapika tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, moshi machoni, na mwiko hauachi mkono. Mizigo minne ya matete, ile ya kukunja shingo, inakuachia donge la kijivu la kujaa kiganja. Ukiligusa kwa ulimi linakuuma. Maji yamekwenda, ukali umebaki. Wasomi wetu wao wanamwaga ukali, wanakuletea maji kwenye karatasi na mhuri juu yake.

Donge hilo la chumvi nitalirudia, maana ndilo lililoniokoa na shamba langu.

Mume wangu alifariki mwaka juzi, masika yakiisha. Tulikaa pamoja miaka arobaini na mmoja. Siku ya mazishi, historia yake ilisomwa na huyo huyo mtoto wa shemeji, ambaye aliwahi kuwa karani kwenye ofisi mjini na tangu hapo hajawahi kutembea bila kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Nyekundu sijui humsahihisha nani. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa kwenye genge la reli, akastaafu, akaugua, na ameacha mjane na watoto wanne. Mistari sita. Akamalizia kwamba ni kutokana na ufinyu wa muda. Muda wa kaburini ulikuwa mfinyu. Muda wa wali na nyama haukufinyika hata kidogo. Sufuria la mwisho waliliinukia saa kumi.

Baada ya arobaini ikaja habari ya mirathi. Ili mahakama imteue mtu wa kusimamia mali za marehemu, inataka karatasi ya kikao cha ukoo: nani alikuwepo, kilisemwa nini, amechaguliwa nani. Karatasi hiyo nayo inaitwa muhtasari. Kikao kikakaa hapa kwangu Kakese, kwenye uwanja wa nyumba. Mwenyekiti alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Katibu akawa mwanawe, mwenye kalamu mbili. Watoto wangu wote wako mbali, walipiga simu wakasema lolote tutakaloamua ni sawa. Ukiwa mbali kila kitu ni sawa.

Wote waliokaa pale walijua kilichowaleta. Nyumba ina nyufa za kupitisha mkono. Baiskeli haina mnyororo. Walichokuja nacho kichwani ni shamba la mpunga la bondeni, ekari tatu, ambalo maji hayalitoki mpaka majirani wameshakauka. Likiandikwa kuwa ni la marehemu, msimamizi ndiye wa kuamua, na msimamizi walikuwa wamekwisha kumchagua njiani kabla hawajapiga hodi: ni huyo huyo katibu. Wiki iliyotangulia alionekana bondeni na mwenye trekta wa mjini, anamwonyesha kwa kidole linapoanzia na linapoishia. Aliyemwona ni mimi. Nilikuwa nimeinama napalilia, hakunitambua kwa mgongo.

Kwa hiyo kwenye kikao nilisimama nikasema. Nilianza watu wakiwa na vikombe vya uji mkononi, nikamaliza vivuli vimeingia miguuni. Niliwaambia jinsi nilivyoachika kwa mume wa kwanza nikarudi kwa mama na kitenge kimoja. Bonde lile wakati huo lilikuwa matete na nyoka. Mwenyekiti wa kijiji wa enzi hizo alisema anayeliweza na alichukue, wanaume wakacheka, na mimi nilipoinua mkono wakacheka zaidi. Nikayakata. Viganja vilichanika mpaka nikawa nashika ugali kwa kijiko kama mgonjwa. Nilipoyachoma sikuyaacha majivu yake yapeperuke, maana ule ulikuwa wakati mbaya, madukani chumvi hakuna, watu wanakula mboga chukuchuku. Nikapika chumvi. Madonge yale niliyabadilisha na jembe, panga na mbegu. Nikavuna mpunga msimu wa kwanza, nikavuna wa pili. Ndipo akaja mtu wa genge la reli na sanduku lake la bati kichwani, akasimama mlangoni kwangu akaomba maji ya kunywa. Nikawaambia, "Alinikuta na mpunga ndani. Mkitaka ukweli, mimi ndiye niliyemuoa." Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji akakohoa.

Akasimama jirani yangu, mwanamke mwenzangu tunayepakana naye shamba. Wazazi wake walitoka naye Burundi akiwa mtoto wa kubebwa. Leo ni Mtanzania mwenye kitambulisho na wajukuu wasiojua Kirundi. Kiswahili chake kina kona zake, lakini hakipotei njia. Alisema kwamba chumvi ya matete ya shamba lile ameila, mama yake aliifuata hapa hapa kwa miguu, na wakati huo mwanamume yeyote hakuwepo kwenye nyumba hii. Alionyesha mipaka yote minne, kila mpaka anapiga fimbo chini. Fimbo ikaacha matundu manne kwenye uwanja wangu.

Mimi nilikuwa namtazama katibu. Nikisema, kalamu inalala. Jirani akisema, kalamu inalala. Baba yake akikohoa, inaamka.

Siku ya nne akaja na bodaboda, ameleta karatasi iliyochapwa, moja tu, na kidau cha wino wa kubonyezea kidole. Akaniwekea kwenye kinu, maana meza nilikuwa nimeitoa. Mimi kusoma nasoma, ila nasoma kwa kidole, neno kwa neno, na sikimbizwi. Majina ya waliohudhuria yalijaa nusu ya ukurasa, na vyeo vyao. Chini yake kulikuwa na mali za marehemu: nyumba moja, shamba la mpunga moja, baiskeli moja. Halafu mistari miwili. "Mjane alieleza historia ya familia na aliridhia. Majirani walichangia mawazo."

Nilirudia kuisoma. Nikageuza nyuma nione kama kuna maneno mengine. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Mwanangu," nikamwambia, "yale niliyosema yako wapi?"

"Mama mdogo, huo ni muhtasari. Huwezi kuandika kila kitu."

"Baiskeli isiyo na mnyororo umeiandika."

"Ile ni mali."

"Na jirani yangu yuko wapi?"

"Si huyo hapo. Majirani walichangia mawazo."

"Alichangia mawazo gani?"

Akavuta pumzi kama mtu anayefundisha mtoto mgumu. "Mama mdogo, mahakama haina muda wa kusoma habari za chumvi."

Akafungua kidau cha wino, akanishika dole gumba. Yaani alinishika kweli, kama unavyomshika mbuzi sikio. Nikauvuta mkono wangu. Nikamwambia dole hili ni la kumegea ugali, jina langu naandika tangu darasa la pili, na leo siliandiki. Akapanda bodaboda yake akaondoka, kalamu zote mbili mfukoni. Jioni baba yake akanipigia simu, anasema shemeji unatuaibisha, ukoo mzima umeshakubali, umebaki wewe. Nikamuuliza huo ukoo mzima umekubali nini, anisomee. Akasema salio linaisha. Yeye ndiye aliyepiga.

Karatasi waliipeleka hivyo hivyo bila jina langu, na mahakama ikabandika tangazo kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Nilikwenda nikaandikisha pingamizi langu, nikapewa siku ya kurudi. Nikanunua daftari la kurasa mia, nikakaa nalo siku tisa, asubuhi shambani, mchana daftarini. Niliandika yote. Rangi ya sanduku la bati niliiandika. Wanaume waliocheka bondeni niliwaandika mmoja mmoja na majina ya baba zao. Mjukuu wangu alinirekebishia herufi, na kila akifika mahali alitaka kutoa. "Bibi, hapa umeshasema." Namwambia nimesema mara mbili kwa sababu nilichoka mara mbili, acha. Lilifika ukurasa wa sitini na moja.

Siku ilipofika nilipanda bajaji na jirani yangu tukaenda mjini. Hakimu alikuwa mwanamke, umri wa kitinda mimba wangu, na mafaili mbele yake yamempita kidevu. Katibu alikuwepo, amevaa tai. Sijui tai ilikuwa ya nani, maana ilimfika chini ya mkanda. Karatasi yake moja ilikuwa mezani tayari, safi, imenyooka. Mimi nikaweka daftari langu. Lilikuwa na doa la mafuta kwenye jalada.

Hakimu alilifunua. Akageuza kurasa tatu, akageuza kumi kwa pamoja, akaangalia mwisho linaishia wapi. Akavua miwani akajikanda macho. Hakuwa na dharau, hilo nitalisema, alikuwa amechoka.

"Bibi," akasema, "hii yote siwezi kuisoma hapa. Niambie kwa ufupi. Shamba ni la nani, na kwa nini?"

Katibu akatabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo, ningeweza kukuchorea. Alijua kwamba mwanamke wa saa nne za maneno hana dakika moja. Na kweli, kurasa sitini na moja zilikuja zote kwa pamoja zikaziba mlango wa mdomo. Jirani yangu akanigusa kiuno kwa fimbo.

Nikasema, "Ni langu. Nilikata matete yake, nikapika chumvi yake, nikavuna mpunga misimu miwili, ndipo mume wangu akaja kuomba maji ya kunywa."

Hakimu aliinama akaandika. Aliandika yote, niliona kalamu haikulala. Akauliza kama yuko aliyeyaona haya. Jirani akasimama, akatoa habari ya chumvi, jinsi mama yake alivyoifuata kwa miguu, jinsi walivyoilamba njiani kwa uchu, na kwamba aliyewapimia ni huyu mama hapa, akiwa peke yake, hana mume. Hakimu akamuuliza kuhusu mwaka. Jirani akasema mwaka haujui, anajua ni kabla hajavunja ungo, na mume wa mwenzake alipofika yeye alikuwa tayari amechumbiwa.

Ndipo hakimu akamgeukia katibu. Akamuuliza kama maneno haya yalisemwa kwenye kikao cha ukoo.

"Walichangia mawazo, mheshimiwa," akasema.

"Mawazo gani?"

Ni swali langu lile lile. Nilipouliza mimi lilikuwa la mama mdogo msumbufu. Alipouliza hakimu, mtu mzima mwenye tai alianza kuitazama karatasi yake kama vile itamwambia. Akaigeuza nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe. Akasema hakumbuki. Nami nilimwamini, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko wizi wenyewe. Mwizi anajua alichobeba. Huyu alitaka kunipokonya ekari tatu na hakujishughulisha hata kusikia zimetoka wapi.

Karatasi ilikataliwa. Hakimu akasema kikao kikae upya, katibu awe mwingine, maneno ya mjane na ya shahidi yaandikwe, na shamba litolewe kwenye mali za marehemu. Msimamizi leo ni binti yangu mkubwa, anasimamia nyufa na baiskeli. Mtoto wa shemeji tunaonana kwenye misiba. Ananisalimia shikamoo kwa mbali, na mimi namwitikia kwa ufupi.

Hapo ningeweza kukomea, na yeye kalamu mbili angekomea hapo hapo. Lakini tulipokuwa kwenye bajaji kurudi Kakese, jirani yangu alishikilia fimbo katikati ya magoti njia yote. Tulipokaribia kushuka ndipo akasema, "Na mfereji?"

Nikamuuliza mfereji gani, hali naujua.

"Wa mzee. Hukuusema."

Mfereji ule unaoleta maji shambani aliuchimba mume wangu. Kiangazi kizima, akitoka gengeni kubeba mataruma ya reli, anapitia bondeni na sepetu kabla hajala. Watu walimwambia maji hayapandi mlima, akawa anawaonyesha kwa kamba na chupa ya maji kwamba siyo mlima. Kabla ya mfereji, shamba langu lilikuwa matope ya msimu mmoja, mvua ikichelewa huna kitu. Ekari tatu ambazo mwenye trekta alizitamani, kwa kweli alitamani mfereji. Kwenye daftari nimeuandika kurasa nane, na jinsi mgongo wake ulivyokuwa ukilia akiinama. Mbele ya hakimu sikuutaja. Wala si kwamba nilisahau. Ningeutaja tu, yule mwenye tai angeudaka, angesema si mnaona, shamba ni la marehemu. Ulifika ulimini nikaumeza. Mtu niliyekaa naye miaka arobaini na mmoja nikambakiza akiwa amesimama mlangoni, na sanduku kichwani, anaomba maji.

Nilimjibu jirani yangu, "Sikuongopa. Nilifupisha."

Akasema ndiyo, amesikia.

Nyumbani mjukuu alitaka kujua nilisemaje, nikamwambia neno kwa neno. Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. "Maneno ishirini, Bibi. Mwalimu angekupa alama zote za muhtasari." Nikamwambia akawashe moto.

Kesho yake nilikwenda kuuzibua mfereji. Tangu mzee augue hakuna aliyeugusa, matete yalikuwa yameota mpaka katikati. Nikayakata mpaka maji yakapita.